Daftari la Edelmira

Mimi hushika mwanzo wa futi, penye sifuri.
Edelmira Chiguay hushika namba,
kwani alikuwa karani wa posta miaka thelathini na mmoja
na hadi leo haamini hesabu iliyopitia mkono wa mwingine.

Pulmahue ina nyumba arobaini na mbili za mbao.
Zilikuwa sitini, anasema, siku aliyolinunua daftari.
Mali bila daftari hupotea bila habari,
basi tunapanda na kushuka matope ya kisiwa,
daftari limeviringishwa nailoni kama mtoto mchanga,
na mvua ya Chiloe, ambayo hainyeshi bali inahamia,
inatufuata mlango hadi mlango.

Tunaandika: vigae vya mti wa alerse,
ncha zimechongwa mviringo kama magamba ya samaki;
ubavu wa kusini umeota kuvu, wa kaskazini umegeuka fedha.
Tunaandika: milango miwili, wa wageni na wa moshi.
Tunaandika: dirisha lililozibwa baada ya msiba.
Msiba wa nani, mwenye nyumba hakutaja.
Hapo Edelmira aliacha mstari mtupu
akaupigia kistari chini, kwa adabu.

Nyumba ya tisa tuliichelewa.
Nguzo nne, na jiko la chuma limejaa maji.
Aliketi kwenye kizingiti kisicho na mlango
akaichora kwa kichwa,
nami nikapima hewa:
mita nane na nusu, toka nguzoni
hadi pale aliposema, "Hapo. Hapo palikuwa na ukuta."

Ya kumi na nne ni ya Rosamel Nahuelquín.
Alitupa viazi vya jivuni na kiti kimoja kikavu,
kisha akasema: "Nimeagiza mabati.
Vigae vinampendeza mpiga picha.
Mpiga picha halali hapa."
Nyuma yake ndoo tatu zilikuwa zikihesabu matone.
Nyumba usiyolala ndani, huijui ila yake.
Edelmira hakubisha. Alipanda kile kiti kikavu,
akaweka kiganja chini ya dari, akaandika:
inavuja, pembe ya magharibi, ndoo tatu.

Fomu ya mkoani ina kisanduku: MAHALI ILIPO.
Rosamel alicheka hadi akakohoa.
Babu yake aliijenga ng'ambo, kisiwa kingine kabisa.
Mwaka viazi vilipooza shambani waliifunga mapipa,
ikaelea, boti saba zikiivuta,
na bibi yake dirishani, amekataa kushuka
kwa kuwa mkate ulikuwa jikoni haujaiva.
Ikakaa ufukoni hadi ardhi ilipotetemeka na maji yakapanda,
ndipo jozi kumi na mbili za maksai zikaiburura kilimani,
kijiji kizima kwenye kamba,
ujira wao sahani ya nyama na pombe ya tufaha.
"Andika mahali pote," alisema, "au usiandike."
Kisanduku kilitosha maneno mawili.
Edelmira aligeuza karatasi, akaanza nyuma.

Nilitambaa chini ya sakafu na tochi.
Kwenye boriti kuu kamba ilikuwa imekula mbao,
kovu laini, kidole kilizama hadi kwenye kiungo.
"Kina?" aliuliza kutoka juu.
Sentimita tatu, nikajibu.
Sikusema kwamba boriti yetu ilikuwa na kovu kama hili,
na kwamba niliiuza kuni
majira ya baridi mama alipougua.
Sasa nina saruji. Haivuji.
Sijuti; ni kavu kweli.

Njiani, akilifunga daftari nailoni,
aliniuliza kwa ile sauti yake ya dirishani,
ya kuuliza barua inakwenda wapi:
"Na yenu? Mlango ulitazama upande gani?"

Baharini, nilisema.
Halafu nikasema hapana,
ngoja. Kabla ya hapo, kilimani.