Msoma Mita

Miaka kumi na moja nasoma mita za maji,
Tandika, Yombo, Buza mpaka lami inapokatika.
Napiga magoti uani, nafuta vumbi kwa ncha ya mtandio,
naandika tarakimu, naondoka. Sina ubishi na mtu.
Maji hayasemi uongo; anayesema uongo ni mwenye nyumba.

Mwaka huu nikasomwa mimi.

"Kunywa lita nzima," aliniambia binti wa mapokezi,
"na usiende chooni." Nikakaa kwenye benchi, miguu nimeibana,
mimi ninayejua bei ya kila uniti,
nimejaa kama simtanki la mwenye hoteli.

Daktari Kokuhirwa akanimwagia ute wa baridi,
akasukuma kile kidude chini ya kitovu, kushoto,
akatulia.
Duara kwenye kioo, jeusi kama kisima ukikichungulia.
"Kifuko cha maji matupu, kwenye ovari.
Sentimita tano nukta nane."
Nikauliza, kama ninavyoulizwa mimi: hiyo ni nyingi?

Akavuta kiti, akakaa. Nampenda kwa hilo, kwamba alikaa.
Alisema vingi vya namna hii huja na kuondoka
na mwenyewe hajui kama alitembelewa.
Tungoje miezi mitatu, tusome tena.
Vidonge vya uzazi anaweza kuniandikia: havikaushi kilichopo,
huzuia wenzake wasizaliwe.
Kikizidi kukua, au kikionyesha nyama ndani, tutazungumza kisu:
matundu madogo na kamera, kama bima itakubali;
isipokubali, mshono wa wazi, wiki sita bila kuinama.
"Ila ukisikia maumivu ya ghafla, makali, na kutapika,
usingoje kukuche. Kitakuwa kimejisokota. Njoo hata kwa bajaji."

Wiki sita bila kuinama! Mita ziko ardhini, daktari.

Nyumbani kila mtu akawa fundi bomba.
Shangazi Mwanaidi kaleta chupa kutoka Kariakoo,
imeviringishwa gazeti, chungu hata harufu yake. "Inayeyusha."
Sikudhani wa ofisini: "Toa, toa kabisa,
watoto wawili unao, unakitunzia nini?"
Mama mkwe hakusema. Alihesabu kwa vidole
miaka tangu yule wa pili.
Na Shomari wangu, ambaye huwa haulizi,
akauliza gizani: "Kinauma ukilala upande huu?"
Nikasema hapana. Akahama upande hata hivyo.

Chupa iko juu ya kabati. Sijaitupa, sijaifungua.

Nilichagua kungoja, na kungoja si kukaa bure,
asikudanganye mtu. Ni kazi yenye zamu ya usiku.
Kila kichomi nakaa wima kitandani, nasikiliza
kama unavyosikiliza bomba linalovuja ndani ya ukuta:
ni hapa? ni pale? au ni maharage?
Nyuma ya daftari la kazi, kurasa za mwisho,
naandika tarehe.
Buza, nyumba ya bati la bluu: uniti kumi na nne.
Mimi: hakuna kitu.
Mimi: kidogo, asubuhi, nilipoinua ndoo.

Mwezi wa tatu nikanywa tena lita yangu.
Ute ule ule, baridi ile ile.
Daktari akasoma, akasoma tena
(mimi pia husoma mara mbili nikiona namba imeshuka;
huwa nashuku mita imechezewa).
"Nne nukta moja."

Hakijaisha. Hakijakua.
"Tungoje tena?"
"Tungoje tena."

Nikakimbilia choo cha ukumbini, nikafungulia kila kitu,
nikacheka peke yangu mle ndani, machozi yananitoka,
koki ya kunawia ikidondoka tone, tone.
Na mita yao, niliiona wakati natoka,
iko nyuma ya mlango, inazunguka tu.