Njia ya Kurudi

Betri ya kwanza aliinunua Grogan,
ya pili kwa jirani aliyeapa kwa jina la mamake,
ya tatu ingali na nailoni ya dukani kwenye pembe.
Leo Lusweti ameisukuma pikipiki kutoka Umoja
hadi kibandani kwangu Kariobangi, kola imelowa,
na neno lake la kwanza ni lile lile:
"Kemunto, nitafutie betri."

Keti kwanza. Pale, juu ya tairi.
Betri ni mtumishi wa nyumba yenye watu wengi:
kikombe kikivunjika, ni yeye.

Namwazima yangu, iliyolala ikila umeme usiku kucha.
Nachomoa mita ndani ya soksi.
Kioo chake kina ufa, lakini haijawahi kunidanganya.
Kabla ya kuwasha: kumi na mbili, nukta saba.
Teke la kwanza, kimya. La pili, kikohozi.
La tatu, mbwa wa mwenye nyumba anahama kivuli.

Nazungusha mafuta. Hapa volti zinapaswa kupanda,
kumi na tatu, kumi na nne, kama maziwa mekoni.
Zinateremka.
Kumi na mbili, nukta nne.
"Si nilikuambia?" asema Lusweti, karibu afurahi.

Nachomoa soketi ya nyaya tatu za manjano zitokazo kwenye koili.
Napima wa kwanza na wa pili, wa pili na wa tatu,
wa tatu na wa kwanza:
hamsini na mbili, hamsini na mbili, hamsini na moja.
Ndugu watatu, sahani moja, hakuna aliyepunjwa.
Wala hakuna hata mmoja anayevujia kwenye bodi.
Koili haina neno.

Basi ni regyuleta, angesema mwenye haraka,
na duka la pili kushoto wanayo, elfu mbili mia tano.
Mimi narudisha soketi, nawasha tena,
sindano moja kwenye hasi ya betri,
nyingine kwenye mgongo wa regyuleta, chuma kwa chuma.
Hapa mita ingetakiwa kunyamaza.
Inasema: moja, nukta nane.

Moja nukta nane, Lusweti! Inapotelea hapa, kiganjani mwangu.
Regyuleta imejipima, ikaona kumi na nne na ushei,
ikaridhika, ikakunja mikono.
Haijui kwamba mlango wa kurudia umezibwa
na betri inaletewa makombo.

"Rangi hii ulipaka lini?"

Anatazama barabarani. Mkokoteni wa maji unapita.
"Mwezi wa nne. Tulipotoka kumzika Wepukhulu.
Ilikuwa yake. Nilikuwa nikiiona tu uani,
nikasema, heri iwe nyekundu."

Na aliyepaka alikuwa fundi, sikatai.
Amepuliza hadi chini ya nati, hadi kwenye tundu la skrubu,
pale waya wa ardhi unapokalia fremu.
Kazi safi. Safi mno.
Umeme hautoki nyumbani
kama hauna pa kurudia.

Nalegeza nati. Nakunja msasa mara mbili.
Nyekundu inatoka kama unga wa pilipili.
Chini yake, buluu.
Lusweti anainuka kwenye tairi.
Sisemi kitu, nasugua tu, polepole kuliko inavyohitajika,
mpaka chuma kinang'aa, duara la shilingi ishirini,
na kandokando yake uzi mwembamba wa buluu
ambao msasa ungeweza kuumaliza.
Nauacha.

Nakaza. Nawasha. Kumi na tatu.
Kumi na tatu nukta sita.
Kumi na nne nukta moja, na hapo inatulia.
Taa ya mbele inaupiga ukuta wa mabati
hadi namba yangu ya simu, niliyoiandika kwa makaa, inasomeka.

Nampaka grisi kidogo isije ikala kutu.
"Hapa usipake rangi tena."
"Sipaki," asema.
Ananilipa, anasahau chenji,
anaondoka kuelekea Outering saa saba mchana
taa ikiwaka.