Foleni ya Kitunda

Kalunde amekaza nati ya mwisho.
Antena inaitazama Tabora
kama mbuzi atazamavyo chumvi.
Chini, kwenye kibanda cha chama cha wafuga nyuki,
sanduku la sauti limekaa miezi tisa
likipokea, lisitume,
likimeza tu, kama kibubu.

Taa nyekundu. Nyekundu. Kijani.

Kule mjini mtambo mkuu unaitika,
unauliza jina, unauliza namba ya siri,
kisha foleni inaanza kusonga:

Leteni ndoo kabla mvua haijaanza —
ilianza, ikaisha.
Mwambieni Sizya bei imeshuka, asiuze —
aliuza, akanunua baiskeli.
Haloo? Haloo? Hii kitu inanisikia?
Kisha jogoo. Kisha mlango.

Arobaini na moja.
Karani wa Tabora anaandika tarehe, anaikata:
ya kusemwa, au ya kufika?
Daftari lina safu moja.

Kalunde anajaribu laini, anabonyeza moja.
Maneno rasmi alikwisha kuyaandaa tangu Sikonge.
"Hapa Kitunda," anasema,
na nyuki mmoja, aliyeufuata waya hadi ndani,
anamalizia sentensi.