Mifereji ya Tadei

Mwezi wa pili mianzi ya Kilolo inalia.
Unaikata ncha asubuhi, unatega mbeta,
jioni unakuta togwa, tamu, ya kumpa mtoto.
Ukiilaza siku mbili inakuwa mkangafu,
na mkangafu hauna mtoto.

Kaka yangu Tadei Mhongole aligema miaka kumi na tisa.
Kabla ya hapo alikuwa bwana wa mifereji:
kule bondeni, kwenye vinyungu vya mama,
alijua tuta lipi linywe, lipi lingoje.
Bonge la udongo mkononi, kisigino topeni,
anafungua hapa, anaziba pale,
maji yanamfuata kama mbuzi anayeijua kamba yake.
Mimi nilishika taa tu. Nilikuwa na miaka sita.

Leo nimeshika karatasi ya moyo wake.
Wodi ya wanaume, saa tisa usiku,
baridi ya Iringa inapita chini ya mlango
na mistari kwenye karatasi inaruka ovyo
kama panzi waliomwagiwa maji.

Chuoni walituambia seli ina ukuta wa mafuta
na ukutani mna milango isiyoonekana
hata kwa darubini yetu ya kupimia malaria.
Wa sodiamu, wa potasiamu,
wa kalisi, wa kloridi.
Chumvi inaingia, chumvi inatoka,
na hilo ndilo tunaloliita wazo,
ndilo tunaloliita "njoo", ndilo kidole kikunjwapo.
Nilicheka. Mwalimu akadhani nimemdharau.
Nilikuwa nimeona kinyungu.

Pombe haina ufunguo. Ni ndogo, inajipenyeza bawabani,
inaushikilia mlango wa kloridi
ubaki wazi kupita haki yake,
na seli inatulia, inasinzia.
Hapo ndipo Tadei alipocheka na wakwe zake.
Kisha inauegemea mlango mwingine, wa kalisi,
ule unaoandika kumbukumbu.
Asubuhi hakukumbuka tusi hata moja.
Yuditha mkewe aliyakumbuka yote,
akabeba na fungu la mumewe.

Ini nalo halikulala. Linaivunja pombe,
na kipande cha kwanza kudondoka
ni kikali kuliko pombe yenyewe:
asetaldehaidi. Jina refu kama deni.
Kinazunguka na damu, kinachokonoa milango ya moyo
kabla hakijavunjwa tena, kikawa kitu kama siki.

Lakini seli si mjinga.
Imelazwa mwaka hadi mwaka, ikaamua kuchimba.
Ikaongeza milango ya kalisi, mfereji ubavuni mwa mfereji,
ili isikie chochote, chochote, ndani ya usingizi ule.

Jumatatu Tadei akaacha.
Hakumwambia mtu. Alizipasua mbeta zote kwa shoka,
akaketi juu ya vipande.
Ni jambo jema, na lilikaribia kumuua.
Anayeegemea ameondoka; milango iliyochimbwa imebaki.
Bonde zima limefurika.
Mikono inatetemeka, anaona siafu kwenye shuka,
anamuuliza mama, aliyezikwa, kama mvua imepita.

Daktari Kikoti anamchoma sindano.
Naijua dawa hiyo: inakwenda kwenye mlango uleule
pombe ilioushikilia,
ila yenyewe inabisha hodi, tena kwa kipimo.
Nusu. Tungoje. Nusu nyingine.

Saa kumi na moja anafumbua macho.
Ananiita kwa jina la utotoni.
"Shika taa vizuri. Tuta la maharage litazama."
Nikawasha tochi ya simu,
nikamulika ukuta mtupu wa wodi.
"Hapo," akasema. "Hapo hapo. Ziba."
Kidole chake kilikuwa bado kinacheza.
Nikaweka kiganja pale aliponionyesha,
rangi ya ukuta ilikuwa baridi na yenye unyevu,
nikaziba.