Mita Moja na Nusu

Jumamosi, Daraja Kavu, Tbilisi. Baridi ya Machi
imeng'ang'ania vijiko vya fedha na medali
za vita ambavyo wajukuu hawajui tarehe zake.
Badri katandika shuka juu ya boneti ya Lada,
kamera kazipanga kama meno ya mzee:
hapa ipo, hapa pengo, hapa ipo.

"Chukua yoyote," asema. "Zote zinapiga."
Simwamini. Mimi hulinganisha nyuzi za piano;
miaka thelathini na minane nimekula mkate
kwa kutoyaamini masikio ya watu.

Naanza na Zorki. Kitundu chake kikarimu,
hata mimi mwenye miwani naona mpaka kingo.
Lakini kilango chake hufunga kwa kishindo
kama droo ya mtu aliyenuna,
na droo za namna hiyo ninazo nyumbani.
Tena ina mwiko: usiguse kasi kabla ya kuvuta filamu.
Ukisahau, umeivunja moyo,
yaani gia.
Mimi na kusahau tu mapacha.

Kiev ni nzito, imenyooka, ina adabu za kijeshi.
Ukiishika kama binadamu, kidole cha kati
chaziba kidirisha cha kupimia, nawe wabaki
kukodoa jicho moja ukiilaumu dunia kwa giza.
Kigurudumu chake, baridi hii, kinauma kama jino la panya.
Nairudisha. Badri anapuliza mikono:
"Mchagua jembe si mkulima, bwana."

Basi nikaokota Fed.
Ngozi imebanduka pembe moja, lenzi ina mkwaruzo
mwembamba kama unyoya wa kope.
Haina betri, haina taa, haina neno la kumshauri mtu.
Katikati ya kitundu, kidoa cha manjano,
rangi ya chai iliyosahauliwa dirishani.
Nikamwelekea mama muuza sahani, ng'ambo ya njia.
Akawa wawili.
Sahani mbili mkononi, vilemba viwili, miayo miwili.
Nikazungusha lenzi. Wakasogeleana,
wakapitana kidogo, kama watu wanaopishana mlangoni,
nikarudisha, wakaingiana.

Hili nalijua. Hili ndilo kazi yangu.
Nyuzi mbili za noti moja, zikikosana kwa unywele,
hutetema: wau, wau, wau;
wakaza ufunguo, utetemeshi unachelewa,
wau... wau...
kisha unalala ndani ya sauti, hausikiki tena.
Sikujua kwamba hata macho yana sikio.

"Hii," nikasema, upesi mno.
Badri akausikia upesi ule, akaongeza lari ishirini.
Nikalipa. Kipendacho roho hakiombi risiti.
(Mwiko wa Zorki, niligundua baadaye, na Fed inao.
Nimeuandika kwenye karatasi, nimeubandika mgongoni mwake.
Zorki sikuifikiria hata kuiandikia barua.)

Nyumbani, Mzia kaketi dirishani anachambua maharage.
Tangu Jumanne maneno yetu ni "chumvi" na "mlango",
kwa sababu ya jambo ambalo kila mmoja
ana hakika mwenzake ndiye aliyelianza.
Nikainua kamera. Sikuwa na filamu.
Wakatokea wawili: Mzia wa kijivu,
na Mzia wa manjano, mwepesi, kando yake,
kama aliyenyanyuka kuondoka akasita.

"Umelipa kiasi gani?"
"Arobaini."
"Mwongo."

Hakuacha kuchambua, lakini hakugeuza uso.
Nikazungusha polepole, kama unavyogusa uzi wa juu kabisa,
ule unaokatika ukiuonea.
Yule wa manjano akarudi, akakaa mahali pake.
Nikaishusha kamera, nikasoma namba kwenye pete ya lenzi:

mita moja na nusu.

Nilidhani ni mbali zaidi.