Kupaka, Kupakana

Chumbageni, kilichokuwa stoo ya viti vibovu.
Jumamosi. Umeme umerudi saa nne kasorobo.
Singano anawasha bamba: nyuzi mia mbili, mia tatu,
mia nne. Nimeshika chupa ya marashi ya marehemu shangazi;
ndani hamna tena waridi, mna chumvi ya zinki majini.
Napuliza. Nahesabu hadi kumi. Napuliza tena.
Tone likigusa kioo linalia *tss*, linakufa,
linaacha kitu ambacho jicho halikioni
ila kwa rangi: zambarau kidogo, kisha kijani,
kama mafuta ya taa juu ya dimbwi la gereji.

Chukua unywele mmoja wa kichwa changu,
uuchane mara mia mbili:
mchano mmoja ndio unene wa kazi yangu.
Mdogo wangu Kilua aliuliza,
"Hicho ndicho kitakachobeba jua?"
Nikamjibu, jua halibebwi, hupokelewa.
Kisha nikaona haya, maana sikuwa na hakika.

Sampuli thelathini na nane zilibanduka.
Ziliinuka pembeni kama ganda la kitunguu,
zikapeperuka na feni.
Singano aliilaumu asidi. Mimi nikamlaumu Singano.
Jioni sote wawili tukawalaumu watu wa umeme.

Ndipo Bi Mgeni, mpishi wa bweni,
alipokuja kudai ndoo yake.
Akakitwaa kioo, akakiangalia dirishani,
akaniangalia na mimi, vidole vyangu hasa,
akatamka kama anayesoma bei za sokoni:

Kioo washikilia, vidole vina samli,
Utando wakukimbia, wenda kukaa kwa mbali,
Chungu nikikitumia, hukisugua awali,
Utandu ukitulia, haung'oki kwa makali.

Tukacheka. Kisha tukaacha kucheka.
Kila asubuhi nilikuwa nakula maandazi
nikijifuta kwa gazeti, nikaanza kazi.
Mara thelathini na nane.
Ndoo yake alikwenda nayo, ina dekio letu ndani.

Tukasugua: sabuni, spiriti, maji ya betri.
Tukashika kwa koleo, kimya, kama waosha maiti.

Baba alikuwa karani wa forodha Horohoro.
Akisema: mzigo haupotei njiani, hupotea getini.
Nimemwelewa leo, miaka kumi na moja kaburini.
Ndani ya zinki, elektroni ina barabara yake;
ndani ya shaba iliyoungua, tundu lake lina njia yake;
ni pale viwili vinapopakana
ndipo chembe ya uchafu hukaa na muhuri mkononi,
inasema subiri, inasema rudi kesho,
na mwanga uliokuja mbali kiasi kile
unageuka joto tu, joto la bure,
kama hasira ya mtu aliyekosa kibali.

Kupaka. Kupakana. Mpaka.
Waliotuachia maneno haya hawakuwa na bamba wala voltimita,
lakini walijua kwamba anayepaka anachora mpaka,
na kwamba kazi yote iko pale.

Sampuli ya arobaini na moja haikubanduka.
Tuliikwaruza kwa ukucha, kwa gundi ya karatasi,
kwa wembe wa Singano. Ilikaa.
Tukaweka shaba juu yake, makaa ya betri kuukuu,
nyaya mbili, tukatoka uani.

Sindano ikajinyoosha kivivu kama mtu wa Ijumaa:
milivolti mia tatu na kumi.
Singano akaandika, akaandika tena chini yake,
nambari ileile, kwa herufi kubwa zaidi.
Haitoshi kuwasha hata taa ya kibiriti cha gesi.

Wingu likapita juu ya Raskazone. Sindano ikalala.
Upepo ukaleta vumbi la saruji kutoka Pongwe,
utando mwingine, ambao hakuna aliyeuomba.
Nikanyanyua ncha ya kanga nifute,
nikakumbuka: kanga ina mafuta ya nazi.
Basi nikabaki hivyo, mkono hewani,
nangoja wingu lipite.