Sega Lisilo na Nta

Kizota, saa nne asubuhi. Vumbi limekwisha kaa juu ya chai.
Nimelala chali chini ya Noah ya mwenye duka la mbolea,
msumeno unagombana na bomba,
cheche zinaniangukia shingoni kama siafu.

Bati likapasuka. Ndani, sega.
Vijumba maelfu, vimepangana bila kukosea,
vikavu, vimekula moshi miaka kumi na minne.

Baba alirina asali maporini, Manyoni.
Alinifunza: usikombe mzinga, nyuki nao wana watoto.
Angelishika hili, angelinusa,
angeliniuliza, Sechelela, wenyewe wako wapi?

Wamo, baba. Hawaonekani kwa jicho.
Platini. Paladi. Rodi, huyo ndiye malkia.
Wamejibandika ukutani, wembamba kuliko pumzi kwenye kioo;
kilo nzima ya sega, wao hawafuniki hata sakafu ya kisoda.

Tunatwanga kwenye kinu cha chuma, mdomo nimeufunga kitenge,
tunachekecha kwa chekecheo lililokuwa la unga wa uwele.
Ndahani hafungi mdomo.
Anasema vumbi la Dodoma ndilo lililomlea,
hili jingine litamfanya nini?
Usiku anakohoa mpaka jirani anagonga ukuta.

Mwaka juzi alitaka kupika mwenyewe:
tindikali mbili, ndoo moja, nyuma ya choo.
Moshi wa rangi ya chungwa ukapanda,
kuku watatu wa watu wakalala, hawakuamka.
Tulilipa kuku.

Sasa tunamngoja mnunuzi, Alhamisi, na bastola yake ya miale.
Anaulenga unga, anafyatua, anasoma namba
huku kioo kakigeuzia tumboni mwake.
Bei anaitaja yeye.
Tanuru liko ng'ambo, mbali; sisi hatujawahi kuuona
huo mng'aro tunaoutwanga.

Jioni nachomelea bomba tupu palipokuwa na sega.
Mwenye Noah anawasha, anacheka: imekuwa nyepesi!
Inaondoka ikinguruma, inapita shule ya msingi,
na moshi ambao zamani ulikuwa na wa kuula
unashuka juu ya watoto wanaofagia uwanja.

Nimekomba mzinga, baba.

Kipande kimoja sikukiuza. Kiko dirishani, ukubwa wa kiganja.
Jana alikuja nyuki,
akachungulia kijumba cha kwanza, cha pili,
cha tatu akakizunguka kwa miguu,
akaenda zake.